Wanatafuta Watafiti au Wanatafuta Vyeti?

Nimepotea, najua. Kwanza mitihani, halafu likizo, na kwetu Magole ukiwa likizo usidhani kuna kupumzika. Kuna mpunga, kuna ndege wa kufukuza, na kuna bibi ambaye kila ukikaa tu anakumbuka kitu cha kukutuma Dumila. Nimerudi chuo juzi, bumu halijatoka, maisha yanaendelea.

Jana nikapita kwenye jengo la idara moja ya tiba. Sisi wa elimu hatuna shughuli kule, ila mimi nina ugonjwa wa kusoma mbao za matangazo. Mwaka wa mwisho huo unakuja, na siku hizi mwalimu hapangiwi kituo akiwa bado na joho kama walivyopangiwa kaka zetu. Unaomba kwenye mfumo, unasubiri, unajitolea shule ya kata, unasubiri tena. Kwa hiyo nasoma kila karatasi iliyobandikwa.

Nikakuta tangazo la nafasi sita za wasaidizi wa utafiti. Sifa: shahada ya udaktari, uuguzi au afya ya jamii. Uzoefu usiopungua miaka miwili. Kiingereza fasaha cha kuandika na kuzungumza. Ujuzi wa kompyuta. Awe tayari kufanya kazi katika mazingira magumu. Kituo cha kazi: vijiji vya wilaya ya Kilosa.

Nilicheka peke yangu pale koridoni. Yaani hayo mazingira magumu ndiyo nyumbani kwetu!

Nikalisoma tena kutafuta neno Kiswahili. Halipo. Kikaguru hakipo, Kimasai hakipo. Kazi yenyewe ni kukaa kwenye kigoda na mama mwenye miaka sitini umuulize habari za homa yake, lakini tangazo linataka mtu anayejua kuongea Kiingereza. Sasa ataongea na nani?

Najua kuna atakayesema huyu analalamika kwa sababu hana sifa. Ni kweli, kidogo nalalamika. Ila nina sababu nyingine, na leo nitaisema ingawa hainipendezeshi.

Mwaka jana, baada ya mazoezi ya kufundisha, nilikuwa nyumbani ikaja timu ya utafiti. Sitaitaja, na si ya chuo chetu. Walikuwa wanachunguza homa zinazotoka kwa mifugo kwenda kwa watu. Ni jambo la maana sana kwetu. Homa ya Bonde la Ufa ilipolipuka mwanzoni mwa 2007, Dodoma na Morogoro ndiyo mikoa iliyoumia zaidi hapa nchini, na watu zaidi ya mia moja walipoteza maisha. Halafu kuna ule ugonjwa wa ng'ombe kutupa mimba, brusela, ambao mtu anaupata kwa maziwa mabichi, anapata homa inayokwenda na kurudi, viungo vinauma, anameza dawa za malaria wee hadi anachoka. Kwa hiyo utafiti wenyewe sina ugomvi nao hata kidogo.

Mtendaji wa kijiji aliombwa kijana wa kuwatembeza. Nikapata. Shilingi elfu kumi kwa siku, nasaini kwenye karatasi, cheo changu "kiongozi wa njia". Wenzangu walikuwa watatu, wamehitimu, kila mmoja na kishikwambi chake. Watu wazuri tu, wacheshi. Walikuwa na lengo la dodoso kumi kwa siku kila mtu.

Boma la kwanza tukamkuta mzee wa Kimasai amekaa kivulini. Dada yule akasalimia vizuri, akasoma maelezo ya ridhaa, mzee akakubali. Swali la pili kwenye dodoso: una ng'ombe wangapi? Mzee akatazama miti. "Watatu." Dada akabonyeza tatu. Nyuma ya boma vumbi la kundi linalorudi mtoni lilikuwa linatimka hadi tunakohoa.

Msomaji usiyeijua Kilosa, hilo si swali dogo. Desemba 2000 pale Rudewa Mbuyuni, barabara hii hii ya kwenda Kilosa mjini, ugomvi wa wakulima na wafugaji uliua watu 38. Mwaka 2009 ikaja operesheni ya kuondoa mifugo wilayani, na watu walipoteza mali. Ukimuuliza mfugaji wa Kilosa idadi ya ng'ombe kabla hata hajajua mama yako ni nani, atakujibu kama anavyomjibu askari. Na upande wa pili, mafuriko ya Januari 2014 yalipoikumba Magole na Dumila, watu walikaa kwenye mahema na majina yakaandikwa kwenye orodha za misaada. Kwa hiyo kwetu mtu mwenye fomu ni wa aina mbili: amekuja kuchukua au amekuja kugawa. Wa kwanza unamficha, wa pili unamwongezea. Mtoto wa darasa la saba pale kijijini angemwambia yule dada aanze na habari za mvua na malisho, ng'ombe wangejitaja wenyewe. Ila mtoto wa darasa la saba hana shahada.

Nyumba nyingine kijana wa kiume akamuuliza mama mmoja kama amewahi kuharibikiwa mimba. Mama mkwe wake amekaa hapo hapo anachambua mboga. Jibu mnalijua. Hapana. Akabonyeza hapana, tukaaga.

Mimi nilinyamaza. Kazi yangu ilikuwa njia.

Siku ya nne mvua ikanyesha tangu asubuhi. Njia za kwenda bondeni zikawa matope matupu, na bodaboda wakagoma. Tukakaa barazani kwenye nyumba ya wageni. Saa tisa mmoja wao akanigeukia: "Dogo, hebu nipe majina ya wazee wa kile kitongoji cha mwisho, pamoja na umri wa kukisia." Nilielewa mara moja. Kupika data, ndivyo wanavyoita. Walikuwa wanalipwa kwa idadi, siku ya mvua haina malipo, na gari la kurudi Dar lilikuwa kesho yake.

Nilitoa majina manne. La nne ni la bibi yangu.

Sijui kwa nini nilimtaja bibi. Labda ndiye aliyekuja kichwani haraka. Leo hii kwenye kompyuta ya mtu fulani kuna bibi wa Magole anayekunywa maziwa mabichi kila siku. Bibi yangu hanywi maziwa kabisa, yanamsokota tumbo tangu ujana. Na dole gumba kwenye fomu yake ya ridhaa nilipata kuona ni la nani? Sikuuliza.

Ndiyo maana tangazo la jana limenikera kuliko linavyostahili. Wakubwa wa idara wanahangaika na mashine za maabara, zisidanganye hata nukta. Lakini katika utafiti wa kuuliza watu, kipimo cha kwanza ni yule anayeuliza. Akiwa mbovu, kila kinachofuata ni kibovu, hata kikichapwa kwenye jarida la Ulaya.

Mfano mmoja tu. Watafiti waliofanya kazi Bagamoyo miaka ya 1990 waligundua kwamba kwa wazazi wengi degedege halikuwa malaria. Lilikuwa ugonjwa mwingine kabisa, wenye asili yake na tiba yake, na mtoto alipelekwa kwa mganga kwanza. Sasa fikiria mtu anafika na dodoso lililotafsiriwa kutoka Kiingereza: "Je, mtoto wako amewahi kupata malaria kali?" Mama anajibu hapana, na hasemi uongo. Aliyezika mtoto kwa degedege anahesabiwa hajawahi kuuguliwa na malaria kali. Neno moja! Kulijua hilo neno hakuhitaji shahada ya udaktari, kunahitaji kukaa na watu na kusikiliza, na sisi wa elimu tunafundishwa miaka mitatu namna ya kuuliza swali likaeleweka.

Jirani zetu Kenya, kituo cha utafiti cha Kilifi kilichoanzishwa 1989, wameajiri kwa miaka mingi vijana wa hapo hapo wanaoongea Kigiriama na Kiswahili, wakawafundisha kazi. Kwa hiyo isemwe haiwezekani? Inawezekana.

Mwenzangu wa chumba, yeye yuko MD, nilipomsomea haya usiku alinibishia sana. Kwanza akasema damu lazima itolewe na mtu aliyesomea. Hapo hatuna ubishi, sitaki kushika sindano. Pili akasema mtu wa kijijini atatoboa siri za majirani zake. Nani atakubali kumwambia mtoto wa jirani habari za mimba yake? Hapo alinibana. Hata huko Kilifi, wenyewe wameandika kwamba hao wafanyakazi wa nyanjani hubanwa kati ya mradi na ndugu zao. Na mimi, ambaye nimetoa jina la bibi yangu mzaa mama kwa elfu kumi, nina mdomo gani wa kujisifia uaminifu?

Nilichomjibu ni hiki: mchukue wa kata ya jirani, anayejua lugha na desturi lakini hajui nani ameolewa na nani. Mfundishe. Mpe mkataba wa mwezi, usimlipe kwa dodoso, maana ukimlipa kwa dodoso utapata dodoso, hata siku ya mvua. Na kwenye tangazo andika kazi ilivyo: kuuliza, kusikiliza, kuandika kilichosemwa, kurudi nyumba ambayo hukumkuta mtu. Weka usaili wa kumhoji mzee mmoja kwa Kiswahili mbele ya jopo, uone nani anaweza. Utafiti wa afya nchini haufanyiki bila kibali cha maadili, na kamati zinasoma dodoso na fomu ya ridhaa. Ningependa zisome na tangazo la kazi.

Akasema naota. Akalala.

Leo asubuhi nimeenda kuuliza kwa katibu muhtasi wa idara kama wa elimu anaweza kuomba. Nikamwamkia, akaitikia vizuri. Akanitazama juu ya miwani: "Wa elimu? Mwanangu, si usubiri ajira zenu?" Nikamwambia nimetoka huko Kilosa kwenyewe. Akasema basi leta barua, kuleta si dhambi.

Barua nimeshaandika. Imebaki sehemu ya uzoefu. Nimeandika: "Mwaka jana nilishiriki utafiti wa homa za mifugo, kata ya Magole." Nikafuta. Nikaandika tena na kuongeza habari ya siku ya mvua na yale majina manne. Nikafuta. Mwisho wa kupokea maombi ni Ijumaa saa tisa na nusu alasiri, na bibi nimempigia simu mchana, sikumwambia kitu, tumeongea habari za ndege wa mpunga.