Mhadhiri Naye ni Mchungaji: Funzo la Mtakatifu Newman kwa Vyuo Vyetu

Tarehe 1 Novemba 2025, katika Jubilei ya Ulimwengu wa Elimu, Baba Mtakatifu Leo XIV alimtangaza Mtakatifu John Henry Newman kuwa Mwalimu wa Kanisa. Pamoja na Mtakatifu Thoma wa Akwino, Newman sasa ni msimamizi mwenza wa utume wa elimu wa Kanisa. Tangazo hilo linatugusa kwa karibu sisi tunaowapeleka vijana vyuoni kila mwaka, kwa kuwa kabla ya kujulikana kama mwanateolojia, Newman alikuwa mwalimu wa wanafunzi wa chuo, na msimamo wake juu ya kazi hiyo ulimgharimu.

Mwaka 1826, angali padre wa Kianglikana, aliteuliwa kuwa mwalimu mlezi katika chuo cha Oriel, Oxford. Alishikilia kwamba kufundisha ni wajibu wa kichungaji: mwalimu amjue kila kijana aliyekabidhiwa, masomo yake na mwenendo wake pia. Mkuu wa chuo, Edward Hawkins, hakukubaliana naye, akaacha kumpatia wanafunzi wapya, na baada ya miaka michache kazi ile ikakoma. Hata hivyo, Newman hakuiacha imani yake hiyo. Chuo Kikuu Katoliki cha Ireland kilipofunguliwa Dublin mwaka 1854, yeye akiwa gombera, wanafunzi waliishi katika nyumba ndogo, kila nyumba ikiwa na mkuu wake wa kuwalea.

Funzo hilo lina uzito gani kwetu Tanzania? Kijana anayetoka shule ya bweni amezoea kengele: ilimwamsha, ikamwita darasani, ikamwita kujisomea usiku. Chuoni kengele hiyo haipo. Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, mwaka mmoja wa shahada ya kwanza una krediti 120, na kila krediti huhesabiwa kuwa saa 10 za kazi. Hizo ni saa 1,200, na nyingi kati yake kijana hujipangia mwenyewe. Papo hapo anashika fedha za kujikimu, zile wanafunzi wanazoziita “bumu”, ambazo hana budi kuzigawa kwa wiki nyingi za chakula na malazi.

Wengi wanaoanguka hawakosi akili. Anguko huanza kimyakimya: vipindi viwili vitatu vinampita, jaribio la kwanza linakwenda vibaya, naye anaona haya kuuliza mbele ya ukumbi uliojaa wenzake. Matokeo yanapotoka, tatizo limekwisha kukomaa. Akiondolewa chuoni, huenda wazazi waliouza mazao kwa ajili yake wakawa wa mwisho kujua.

Vyuo vina ofisi za ushauri nasaha. Kapelania zina Misa, maungamo na umoja wa wanafunzi Wakatoliki, TMCS. Vyote ni vyema, lakini mara nyingi humngoja anayekuja, na anayezama haji. Kristo mfufuka hakuwangoja wanafunzi wawili wa Emau warudi Yerusalemu; aliwafuata njiani, akaanza kwa kuwauliza walichokuwa wakizungumza. Papa Fransisko naye, katika Wosia wa Kitume “Christus vivit” wa mwaka 2019, alitaka walezi wanaotembea pamoja na vijana bila kuwaburuza, na wanaotambua kwamba wao pia ni wadhaifu.

Itasemwa kwamba mhadhiri mwenye mamia ya wanafunzi hawezi kumjua kila mmoja. Ni kweli, na ndiyo maana mzigo huu ugawanywe. Paroko wa nyumbani aandike barua ya kumtambulisha kijana kwa kapelania ya chuo aendako. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu akabidhiwe wadogo zake wanne au watano wa mwaka wa kwanza. Wahasibu, wauguzi na wahandisi wa parokia jirani wajitolee kukutana nao. Maswali yao yawe mepesi: ratiba yako ikoje, jaribio la kwanza umepata ngapi, fedha zimebaki kiasi gani? Yaulizwe katika wiki za mwanzo, kabla ya mitihani ya muhula.

Ukaribu huo una mipaka yake. Mlezi hamfanyii kijana kazi zake wala hamchagulii wito. Mikutano ifanyike mahali pa wazi, kwa kuwa wapo wanaougeuza ulezi kuwa mtego. Rushwa ya ngono ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na kijana anayedaiwa mwili wake ili apewe alama lazima ajue mapema ni nani wa kumwendea.

Tunawaombea vijana wetu wafaulu, na tunafanya vema. Lakini sala hiyo inatudai pia sisi. Muhula ujao utakapoanza, kila parokia ijiulize: vijana wetu walio vyuoni ni akina nani, na ni nani aliyewatembelea?