Bonasi ya Majani Chai Isiende kwa Broka Kabla ya Sachi

Bonasi ya KTDA ikiingia, kuanzia Litein hadi Mogogosiek simu huanza kulia. Mabroka wa ardhi wanajua kalenda hiyo vizuri. "Kuna ploti safi karibu na lami, hamsini kwa mia. Tuma kitu kidogo tukushikilie, kuna mtu mwingine anaitaka."

Sisi tunapata ada mteja akilipa kwa simu. Hata hivyo, msimamo wetu ni huu: hiyo pesa ya kushikilia usitume.

Wengi hudhani meseji ya malipo ni risiti ya ardhi. Siyo. Inaonyesha tu pesa imetoka kwako na imeenda kwa nani. Sheria ya mikataba ya Kenya inataka mauzo ya ardhi yaandikwe, pande zote zitie sahihi, na sahihi hizo ziwe na shahidi.

Kwa hivyo anza na sachi. Omba nakala ya hati miliki, chukua namba ya ardhi, uulize kwenye ofisi ya usajili wa ardhi ya kaunti yako. Utaona mwenyewe ni nani, ukubwa ni upi, na kama kuna mkopo wa benki au zuio. Huku kwetu hati nyingi bado ziko kwa jina la babu aliyefariki. Mjukuu anaweza kukuonyesha mipaka na hata chai aliyopanda, lakini kama urithi haujamalizwa kortini, hana mamlaka ya kukuuzia. Mzee wa kijiji akiwa shahidi haibadilishi hilo.

Kama ni shamba la kilimo linalokatwa, lazima kuwe na kibali cha bodi ya kudhibiti ardhi, na maombi hufanywa ndani ya miezi 6 baada ya mkataba. Bila kibali mauzo ni batili. Utabaki na haki ya kudai pesa yako, lakini kudai mtu ambaye ameshaitumia ni kazi nyingine. Na kama ni boma la familia, mke au mume wa muuzaji pia akubali.

Hayo yakikamilika, simu ni msaada mkubwa. Andikeni kwenye mkataba namba itakayolipwa. Kabla muamala haujakamilika, soma jina linalotokea kwenye skrini, ulilinganishe na la hati. Likiwa la broka au la "dada yake", simama. Lipa kwa awamu, na ya mwisho ingoje ardhi ihamishwe kwa jina lako. Muamala mmoja una kikomo cha Sh250,000, kwa hivyo kiasi kikubwa kipitie benki. Meseji zote zihifadhi. Mpokeaji akishatoa pesa kwa ajenti, kuirudisha ni vigumu sana, hata kwetu.

Kuna watakaosema sachi inachelewesha na ploti nzuri hupotea. Ni kweli, wakati mwingine hupotea. Lakini ploti nyingine utaipata hata mwezi ujao. Bonasi ikipotea, itabidi uchume majani mwaka mwingine mzima.