Kumuhukumu komanda si usaliti



Kila mara tunapoandika neno juu ya askari wa serikali aliyebaka ao kuua raia, jibu linatufikia haraka: "Ninyi vijana munalipwa na nani? Adui iko ndani ya nyumba, na ninyi munashitaki jeshi letu?" Leo tunataka kujibu bila kuzunguka.

Tukumbuke Minova. Tarehe 20 Novemba 2012, M23 iliingia Goma. Askari wetu wakarudi nyuma kufuata ziwa mpaka Minova, katika Kalehe. M23 haikufika pale. Lakini kwa siku karibu kumi, wanawake na wasichana wa Minova na vijiji vya kando walibakwa, nyumba zikaporwa. Umoja wa Mataifa ulihesabu angalau watu 135 waliotendewa ubaya huo. Waliofanya vile walivaa bendera yetu kwenye mkono. Hakuna mgeni wa kulaumu hapo.

Kesi ilifunguliwa Goma mwaka 2013, mbele ya korti ya kijeshi ya operesheni. Washitakiwa 39. Korti ilifika mpaka Minova penyewe, na wamama wakaja kutoa ushahidi wakiwa wamefunikwa uso wote ili wasitambuliwe. Fikiri nguvu ya mama anayefanya vile, akijua kwamba kesho atakutana na askari wengine sokoni. Tarehe 5 Mei 2014 hukumu ikatoka: askari wawili tu ndio walipatikana na kosa la ubakaji. Wengi wa wengine walihukumiwa kwa uporaji na kutotii amri, ao waliachiliwa. Makomanda wakubwa waliokuwa na madaraka juu ya vikosi vile hawakushitakiwa ata mumoja. Na sababu korti ile haikuwa na rufaa, mlango ulifungwa palepale.

Wawili, kwa 135. Hapo njo tunauliza: nani alikuwa anaongoza watu wale?

Sheria haina giza juu ya swali hilo. Congo iliridhia Mkataba wa Roma mwaka 2002. Kifungu chake cha 28 kinasema komanda anabeba kosa la watu wake kama alijua, ao ilimupasa kujua, na hakufanya kinachowezekana kuwazuia ao kuwapeleka mbele ya sheria. Hakuna haja ya kuonyesha kwamba yeye mwenyewe aligusa mutu. Sasa fungua Katiba yetu, kifungu 28 vilevile: hakuna mutu anayelazimika kutii amri iliyo wazi kwamba inavunja sheria. Vifungu viwili, namba moja. Kimoja kinamuondolea mukubwa kisingizio cha "sikujua". Kingine kinamuondolea mudogo kisingizio cha "nilitumwa". Vikitumika pamoja, hakuna anayebaki na pa kujificha. Kwetu kinatumika kimoja tu, kile cha mudogo.

Na musiseme haiwezekani. Tarehe 1 Januari 2011, askari waliingia Fizi mjini, wakabaka wanawake. Tarehe 21 Februari ya mwaka uleule, korti ya kijeshi iliyofuata waathirika mpaka Baraka ilimuhukumu luteni kolonele Kibibi Mutware, komanda wao, miaka 20 gerezani kwa kosa la jinai dhidi ya ubinadamu. Wanawake 49 walitoa ushahidi. Haikuchukua ata miezi mbili! Mwaka 2014 jenerali Jérôme Kakwavu naye alipewa miaka 10 kwa makosa ya vita. Kwa hiyo sheria iko, mahakimu wako. Inayokosekana ni ruhusa ya kupanda juu.

Ruhusa hiyo inazuiwa kwa namna nyingi. Sheria ya jeshi inataka hakimu asiwe na cheo cha chini kuliko mushitakiwa: mupandishe mutu cheo, na tayari mahakimu wa kumuhukumu wamepungua. Mwezi uleule wa Mei 2014, Bunge lilikataa muswada wa vyumba maalum vya kuhukumu makosa haya, ambamo mahakimu wa kigeni wangeketi na wa kwetu. Na wanaosubiri La Haye wakumbuke: Lubanga, Katanga, Ntaganda walihukumiwa kule kwa yale waliyofanya wakiwa katika makundi ya Ituri, si kwa yale ya jeshi la taifa. La Haye inaingia pale inchi imeshindwa ao imekataa. Kazi ya kwanza ni yetu.

Turudi kwa wale wanaotuita wasaliti. Ndiyo, tangu Januari 2025 Goma na Minova ziko mikononi mwa M23. Ndiyo, M23 na Rwanda inayoisaidia wana deni kubwa la damu, na hatutanyamaza juu yake. Lakini tutadai haki kwa mdomo gani kama upande wetu tunafunika? Kila kesi ya Minova inayokufa ni zawadi kwa adui: anaionyesha dunia na kusema, "Muone, serikali yao ni ileile." Na raia aliyeporwa na askari wake hatampasha habari askari yule siku adui anakaribia. Atafunga mlango kwa wote wawili.

Wala hatudharau askari. Tunajua wengi wao ni vijana kama sisi, wamekosa kazi, wengine wako na diploma nyumbani kama zetu. Wanapigana na mshahara unaochelewa, chakula kidogo, na wakubwa wanaokimbia wa kwanza. Njo maana inatuchoma kuona mudogo anaingia gereza peke yake na aliyemuacha bila amri, bila chakula, anapata nyota nyingine. Hatuombi ata mumoja anyongwe. Serikali iliruhusu tena utekelezaji wa hukumu ya kifo mwaka 2024, na kaburi halitoi ushahidi juu ya aliyeamuru.

Tunachodai ni hiki:

Kila kesi ya makosa ya vita ianze na swali la nani alikuwa komanda, na jina lake liandikwe katika uchunguzi.

Ofisa anayechunguzwa asimamishwe kazi, na asipandishwe cheo mpaka kesi iishe.

Kuwe na rufaa kwa wote, washitakiwa na waathirika.

Mashahidi walindwe ata kisha hukumu, na fidia zilizoamuriwa na korti zilipwe. Mfuko wa fidia umeundwa kwa sheria ya Desemba 2022. Wamama hawali sheria.

Wewe unayesoma, usingoje sisi. Siku mutu akikuambia "si wakati wake", muulize wakati wake ni lini. Mwaka 2012 tulikuwa watoto wa shule na walisema vilevile. Leo tumemaliza chuo, tunakaa bila kazi, na wamama wa Minova bado wanangoja.