PESA ILIYOKATWA SI YA MWAJIRI



Safari hii hatuandiki juu ya mshahara kuwa mdogo. Hilo mwalijua. Twaandika juu ya ile sehemu ya mshahara ambayo tumeiona katika karatasi, na hatukuiona tena mahali pengine popote.

Karatasi zetu za mshahara zasema hivi: Oktoba, akiba ya Sacco, shilingi 2,000. Novemba, 2,000. Desemba, 2,000. Januari, 2,000. Mwezi wa pili mwenzetu mmoja wa gengi letu, jirani yetu wa Sigalame, alikwenda Sacco kuomba mkopo wa karo. Hakwenda kuomba sadaka. Ameweka akiba miaka sita, na kwa desturi ya Sacco mtu hukopeshwa hata mara tatu ya akiba yake, akiwa na wadhamini. Karani akatazama katika mashine yake, akamwambia, "Ndugu, hujaweka kitu tangu Septemba. Na mkopo wako wa zamani una deni la miezi minne." Mwenzetu akatoa karatasi zake nne, akazipanga mezani. Karani akazisoma, akamrudishia. "Hizi ni karatasi," akasema. "Sisi hupokea pesa."

Hatumlaumu karani. Alisema kweli.

Mwenzetu akashuka Busia kwa shailoki. Mwawajua hao mabwana. Hawana ofisi kubwa wala hawaulizi maswali mengi. Walichukua kadi yake ya benki na namba yake ya siri, wakamhesabia shilingi 60,000 palepale, kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi. Siku ya mshahara shailoki ndiye husimama kwenye mashine ya benki kwanza, na mwenye kazi hungoja pembeni kama mtoto anayengoja chenji.

Sasa tufanye hesabu pamoja, kwa maana hesabu haina kabila wala chama cha siasa. Shilingi 60,000 za Sacco, kwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi juu ya deni linalobaki, ukilipa 5,000 za deni kila mwezi, humalizika kwa mwaka mmoja, na riba yote ni shilingi 3,900. Shilingi 60,000 za shailoki hula riba ya 12,000 kila mwezi. Asiyeweza kupunguza deni lenyewe atatoa 144,000 kwa mwaka, na mwisho wa mwaka bado anadaiwa zile 60,000 kama siku ya kwanza.

Wengine husema, kwa nini asikope kwa simu? Haya, simu ina haraka, hatukatai. Lakini M-Shwari ilipoanza Novemba 2012 ilitoza asilimia 7.5 kwa siku 30. Kwa shilingi 10,000 hiyo ni 750. Sacco ingetaka 100. Tena zilikuja programu nyingine za mikopo ambazo hazikuwa na msimamizi yeyote mpaka sheria ya mwisho wa mwaka 2021 ilipozitia chini ya Benki Kuu. Kabla ya hapo walikuwa wakipigia simu mama mkwe wa mtu kumwambia mkwewe ni mdeni. Aibu hiyo hakuna riba inayoweza kuipima.

Kwa hiyo tofauti kati ya 3,900 na 144,000 ndiyo tunayoigombania hapa. Nani aliyemtoa mwenzetu kwenye mlango wa 3,900 akamsukuma kwenye mlango wa 144,000? Si shailoki. Shailoki alikuwa amekaa tu, akingoja. Aliyemsukuma ni mwajiri aliyekata akiba na kuikalia.

Mwajiri huyo hatumtaji jina humu, ingawa mwamjua. Tulipotuma wajumbe, mkubwa wao alijibu kwa upole sana. Ati kazi ya kandarasi haijalipwa, ati pesa zimekwama Nairobi, ati tuwe na subira. Ndugu zetu, tulifikirini jibu hilo. Kama pesa hazikuwepo, zilikatwa kutoka wapi? Mtu hawezi kukata kipande cha mkate usiokuwepo mezani. Ama pesa zilikuwepo naye akazitumia kwa haja zake, ama hazikuwepo naye akaandika uongo katika karatasi zetu, akitulipa pungufu na kusema ametulipa kamili. Achague mwenyewe. Sisi yote mawili twayaita kwa jina moja.

Wala asituambie kuwa ni ukarimu wake kutukatia, kwamba anaisaidia Sacco kukusanya. Sisi ndio tuliotia sahihi kwamba 2,000 itolewe kwetu ipelekwe Sacco. Tangu inapokatwa, pesa hiyo si ya mwajiri. Yeye ni mjumbe tu, na mjumbe akila barua ya watu hataitwa tena mjumbe.

Sheria nayo haikusahau jambo hili. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 1997 kiliandikwa kwa watu kama huyu. Chasema mwajiri akikata pesa ya mwanachama na asiipeleke katika siku saba, atailipa pamoja na riba juu ya riba, isiyopungua asilimia 5 kwa mwezi. Siku saba, wala si miezi minne! Kwa hesabu hiyo, zile 8,000 za mwenzetu, tukianza kuhesabu kila mwezi kwa zamu yake, zimekwisha kupita 9,000. Zakayo mtoza ushuru alipotubu alirudisha mara nne. Sisi hatuombi mara nne. Twaomba ile iliyoandikwa.

Na hasara haiishii kwa mmoja. Mwenzetu huyu ana wadhamini watatu, wote wa gengi letu. Pesa ya kulipia mkopo wake wa zamani ilikatwa vilevile, nayo haikufika. Kwa hiyo katika vitabu yeye ni mdeni mkaidi, na Sacco yaweza kugeukia akiba za wadhamini wake. Watu watatu waliosimama na ndugu yao watanyang'anywa kwa deni ambalo yeye amelipa! Tayari maneno yameanza kambini. Fulani hatamdhamini fulani tena. Mwajiri hakuiba shilingi tu, ameiba na kule kuaminiana kwetu, na Sacco haina mtaji mwingine mkubwa kuliko huo.

Maana chama cha akiba na mikopo hakikuanzia benki. Mwaka 1864 kule Heddesdorf, Ujerumani, meya aitwaye Friedrich Wilhelm Raiffeisen alianzisha chama cha mikopo kwa wakulima waliokuwa wakiliwa na wakopeshaji. Kwanza alikuwa amejaribu kwa fedha za hisani za matajiri, akaona hisani haidumu. Basi wenye shida wakawekeana akiba na kudhaminiana wenyewe. Hapa Kenya Wazungu walikuwa na ushirika wao Lumbwa tangu 1908, nasi Waafrika tukangoja mpaka baada ya Vita vya Pili kufunguliwa mlango. Sacco za wafanyakazi ziliongezeka miaka ya 1970, na muungano wao, KUSCCO, ukaundwa mwaka 1973. Nguvu zao zilitoka katika kukatwa mshaharani. Hapo ndipo penye nguvu, na hapo ndipo tulipobanwa.

Msidhani ni sisi peke yetu. Taarifa za SASRA, wasimamizi wa Sacco, zimetaja mwaka baada ya mwaka mabilioni ya shilingi yaliyokatwa na waajiri yasifike, na miongoni mwa wadaiwa wamo vyuo vikuu vya umma na serikali za kaunti. Ikiwa wakubwa wafanya hivyo, mkandarasi mdogo ataogopa nini?

Lakini tusijifanye malaika. Katika mkutano mkuu wa mwaka wa Sacco yetu tulihesabu watu wa gengi letu waliohudhuria, wakawa wanne, na wawili wao walikuja kwa ajili ya soda na nauli. Twapenda kuuliza gawio ni asilimia ngapi. Hatuulizi pesa ziko wapi. Mwanzoni mwa 2025 ukaguzi ulipoonyesha pengo la zaidi ya shilingi bilioni 13 katika KUSCCO, ambako Sacco nyingi zilikuwa zimeweka akiba za wanachama, tulishangaa kama watu walioamshwa usingizini. Walimu nao walipata somo lao. Sacco yao ilinunua benki ya Spire ikiwa mgonjwa, ikamwaga mabilioni humo, na mwaka 2023 wateja wa benki hiyo wakahamishiwa Equity. Mahali ambapo wenye mali hawaulizi, mali hujifunza kutembea.

Vijana wetu wengine husema basi tutoke, tuifunge Sacco, kila mtu ajiwekee kwa simu yake. Ndugu vijana, hasira yenu ni ya haki lakini mwaielekeza vibaya. Mwizi akipita kwa mlango, nyumba haibomolewi. Tukitoka, mwajiri atakuwa amepona deni na shailoki atakuwa amepata wateja.

Kule Sigalame mama zetu na wake zetu, wale wauzao omena za Sio Port, wana chama chao. Kila juma wanaketi, kila mmoja anaweka pesa mezani mbele ya wote, na katibu anasoma daftari kwa sauti. Hawana mashine. Asiyeweka anajulikana kabla jua halijatua. Sisi wenye mashine tulikaa miezi minne bila kujua.

Kwa hiyo kamati ya tawi imeazimia kumwandikia mwajiri kudai pesa zote pamoja na riba ya kifungu cha 35. Asipojibu kwa siku 14, barua itakwenda kwa Kamishna wa Ushirika, na tutaomba kesi. Sacco nayo tunaitaka imtumie kila mwanachama ujumbe kwa simu siku akiba yake inapoingia, na siku isipoingia. Tena isiguse akiba ya mdhamini yeyote kwa deni lililokwisha katwa mshaharani. Jambo hili la mwisho twalitaka liandikwe, kwa maana ahadi ya mdomo tumeisikia.

Mkutano ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa nane mchana, hapa Malaba karibu na stesheni. Walio Sigalame waondoke asubuhi, wapitie Busia. Kila mtu alete karatasi zake za mshahara tangu Oktoba. Aliyezipoteza aombe nakala kwa karani wa mwajiri, na akinyimwa, aje atuambie ni nani aliyemnyima.