Tahadhari: Jino Moja la Nyoka Linatosha Kuua

Wewe unayeshika nyoka maabara, iwe unakamua sumu au unasafisha vizimba tu, usidharau mkwaruzo. Ukigongwa, hata kama huoni uvimbe wala husikii maumivu, acha kazi saa hiyohiyo uende hospitali.

Tarehe 25 Septemba 1957, Karl Schmidt, bingwa wa nyoka wa Makumbusho ya Field mjini Chicago, aliletewa nyoka mchanga kutoka Afrika ili amtambue. Alikuwa boomslang, nyoka wa mitini ambaye hata Kenya na Tanzania yupo. Akamgonga kidole gumba. Jino moja tu ndilo lililozama. Schmidt akapanda treni kurudi nyumbani, akawa anaandika yaliyokuwa yakimpata: kichefuchefu, baridi, damu kwenye fizi. Asubuhi alijiona ana nafuu, akala kifungua kinywa. Alasiri hiyo akafa. Sumu ya boomslang humaliza viini vinavyogandisha damu, na dalili zake huweza kuchelewa kwa saa nyingi. Ubingwa wake haukumwokoa, na wako hautakuokoa.

Mwenzako akigongwa, nyoka afungiwe kwanza asimgonge wa pili. Mvue pete na saa kabla mkono haujavimba, mlaze, funga kiungo kwenye ubao kisitikisike, piga simu hospitali huku gari likitafutwa. Usichanje, usinyonye, usikaze kamba, usipoteze muda na jiwe jeusi, usimpe aspirini. Sumu ikirushwa machoni, osha kwa maji mengi papo hapo. Andika saa aliyogongwa na jina la nyoka kama lilivyo kwenye kizimba. Hiyo ndiyo nafuu ya maabara, kwamba aliyegonga anajulikana. Na anayeshughulika na sumu iliyokaushwa kwa muda mrefu huweza kupata mzio, akaanguka ndani ya dakika chache. Adrenalini isikosekane karibu, pamoja na mtu aliyefundishwa kuitumia.

Hospitalini, ombeni damu yake iwekwe kwenye kichupa cha kioo, kisafi na kikavu, kisiguswe kwa dakika 20. Ikibaki maji, sumu imeshaharibu mgando. Ikiganda, msimruhusu aondoke, kipimo kirudiwe.

Linalonitia hofu zaidi ni dawa. Kiuasumu cha mchanganyiko kinachotengenezwa Afrika Kusini, kinachotibu sumu ya koboko, swila na kifutu, hakitibu sumu ya boomslang. Huyo ana dawa yake peke yake, na haipatikani kila mahali. Kuanza kuitafuta mtu akiwa tayari anavuja damu ni kuchelewa.

Wakuu wa maabara, nawasihi: leo hii linganisheni orodha ya nyoka wenu na dawa iliyopo hospitali mnayoitegemea. Nyoka ambaye dawa yake hamjui iko wapi, kizimba chake kisifunguliwe kesho.