Rubani Ni Neno la Bahari

Kabla ya kuwa mtu wa angani, rubani alikuwa mtu wa majini. Ndiye aliyeijua mikondo na miamba, akakiongoza chombo mpaka ndani ya bandari. Abiria alikuwa mvukaji wa bahari, nauli ilikuwa ujira wa chombo, na shehena ilikuwa mzigo wa ngamani. Ilipokuja mashine yenye mabawa, Kiswahili hakikubabaika wala hakikuomba ruhusa. Kiliiita ndege, kikaiazima maneno ya jahazi, na kushuka kwake kikakupa neno la mpagazi aushushaye mzigo begani: kutua. Lugha ilifanya kazi yake mapema. Waliolala ni wenye lugha.

Ushahidi wa usingizi huo ni khabari ya Wilson Airways, kampuni ndogo ya ndege iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1929 na kuzimika katika Vita Vikuu vya Pili. Ndege zake zilishuka kutoka bara hadi Mombasa, Tanga, Unguja na Dar es Salaam, yaani zilipita juu ya mwambao ule ule ambao majahazi yalikuwa yakiufuata karne na karne. Lakini mpenzi wa vitabu akiulizwa ameisoma wapi khabari hiyo kwa Kiswahili, ataangalia dari.

Kwa Kiingereza husimuliwa hivi. Palikuwa na mjane wa mlowezi, Florence Kerr Wilson, na rubani hodari, Tom Campbell Black. Mjane akatoa mali, rubani akatoa ujuzi, na kazi ikaanza kwa ndege ya Gipsy Moth, ya mbao na kitambaa, injini moja na nafasi ya watu wawili. Mwaka 1934 Campbell Black, pamoja na C. W. A. Scott, alishinda mbio za ndege kutoka Uingereza hadi Melbourne. Mwaka 1936 akafa kwa ajali katika kiwanja cha Speke, Liverpool. Mwaka huo huo mwanafunzi wake, Beryl Markham, alivuka Atlantiki peke yake kutoka mashariki kwenda magharibi, na mwaka 1942 akatoa kitabu cha maisha yake. Kitabu hicho kilipochapishwa upya mwaka 1983, kiliwarudishia wasomaji wa Ulaya na Marekani Afrika ya ndovu, mbuga na ujasiri.

Hakuna haja ya kuwanyima watu hao ushujaa wao. Kuruka juu ya nyika kwa kitambaa na waya si mchezo. Lakini hadithi hiyo ina kasoro moja kubwa: imejaa marubani na haina shehena. Na chombo kisicho na shehena hakijulikani kilikwenda kufanya nini.

Shehena ilikuwa barua. Mwezi wa Februari 1931 kampuni kubwa ya Kiingereza, Imperial Airways, ilianza kupeleka barua kutoka London hadi Mwanza, na mwaka 1932 njia hiyo ikafika Cape Town. Njia kuu ilipita bara na kuuacha mwambao kando. Kampuni ndogo ya Nairobi ndiyo iliyokuwa mashua ya kupakulia: ilizichukua barua za pwani na kuzipeleka kwenye njia kuu, kisha ikarejea na zilizotoka Ulaya. Huduma hiyo ilikuwa nguzo ya maisha yake, na ndiyo inayouliza maswali ambayo hadithi ya ushujaa haiyaulizi. Barua zile zilikuwa za nani? Nani alipata khabari ya bei kabla ya mwenziwe aliyengoja meli? Kwa karne nyingi tajiri na maskini walingoja kaskazi ile ile na kusi ile ile. Mashine iliyoweza kwenda bila ya kungoja msimu ilimwondoa mmoja katika foleni ya upepo, ikamwacha mwengine pale pale.

Wapo wasemao kwamba khabari hii si ya watu wa pwani. Ilikuwa mali ya walowezi, wanasema, na mchumaji karafuu hakupanda ndege ile, basi ya nini kumtaja? Hoja hiyo ina sura ya uzalendo, lakini ndani yake ni uvivu. Kubeba barua ni kazi inayolipwa na posta, na posta ilikuwa ya serikali. Hazina ya serikali ya Zanzibar ilitegemea ushuru wa karafuu. Hapo mchumaji aliyesimama chini ya mkarafuu, akasikia mngurumo na kuinua uso, alikuwa akikitazama chombo ambacho jasho lake lilikuwa na sehemu katika mwendo wake. Wala viwanja havikujifyeka vyenyewe, wala magunia ya barua hayakujipakia. Kutopanda si kutokuwamo. Kama khabari ya chombo ni ya waliokaa kitini tu, basi hata jahazi halina wapiga makasia wala wachukuzi. Lina mwenye mali na nahodha, basi.

Washairi nao hawatoki lawamani. Ushairi wa pwani una sifa ya kukijua kitu kwa viungo vyake: tanga, foromali, demani, mkuku. Lakini ndege ikiingia katika beti, aghalabu huingia kama mfano wa upesi tu, bila ya kiungo hata kimoja kutajwa jina. Ilhali ndege za Wilson zilikuwa jamaa wa karibu wa jahazi. Hata Dragon Rapide, yenye injini mbili na nafasi ya abiria wapatao wanane, ilikuwa mbao zilizoundwa na kitambaa kilichokazwa. Fundi wa majahazi angeielewa kwa kuigusa. Na mwaka 1937 Imperial Airways ilipoleta ndege za kutua majini, zikipita Mombasa, Dar es Salaam na Lindi kuelekea Durban, bandari yenyewe ikawa kiwanja. Mshairi anataka ishara gani zaidi? Ndege ilishuka baharini ikaomba nanga, na diwani zikaangalia upande mwengine.

Mwisho wa kampuni hiyo nao una somo. Vita vilipoanza, mwezi wa Septemba 1939, serikali ilizichukua ndege na marubani wake kwa kazi ya jeshi, na kampuni haikurudi tena angani. Mwaka 1946 likaja shirika la pamoja la Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, East African Airways, likaanza kwa ndege za aina ile ile ya Dragon Rapide. Mwaka 1977 nalo likavunjika, jumuiya ilipovunjika. Ya kwanza ilizimwa kwa amri ya dola moja. La pili lilikufa kwa ugomvi wa dola tatu. Mara zote mbili msafiri wa kisiwani hakuulizwa.

Lililobaki ni jina. Mwaka 1962, mwaka mmoja kabla ya uhuru wa Kenya, kiwanja cha zamani cha Nairobi West kiliitwa Wilson, na ndivyo kinavyoitwa hadi leo. Walowezi walijua thamani ya kuacha jina mahali. Asiyekuwapo na lake halipo, walisema wahenga; lakini watu wa pwani walikuwapo, na lao halipo kwa sababu hawakuliandika.

Bado kuna pa kuanzia. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza Dar es Salaam mwaka 1923, lilikuwa na kurasa za khabari na za mashairi. Zipekuliwe kwa jicho hili. Aliyekuwa mtoto wa miaka saba mwaka 1937 sasa amepita tisini. Aulizwe leo, si kesho. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Ngamani ndimo ilimo shehena, na ndimo ilimo khabari ya walioibeba. Kiswahili kilikwisha kumpa rubani jina la baharini tangu ndege za kwanza. Kilichobaki ni wenye lugha kulidai na jahazi lake.