Anayepokea arabuni amejifunga

Somo: Mwanzo 38:12-26, Waefeso 1:13-14

Kijana anayetafuta chumba cha kupanga Nairobi hulijua neno diposti kabla hajalijua jina la landilodi. Hutoa kodi ya mwezi wa kwanza, huongeza diposti, ndipo akabidhiwe ufunguo. Siku akitaka kununua nyumba yake mwenyewe, neno huwa ni lilelile ila sufuri zimeongezeka. Hata katika mpango wa serikali wa nyumba za bei nafuu, mnunuzi amekuwa akitakiwa aweke kwanza asilimia 10 ya bei. Tuseme nyumba ni ya Sh3 milioni. Basi kabla ya kuota kuhusu sebule na jikoni, sharti awe na Sh300,000 taslimu.

Hapo ndipo wengi hukwama. Wengi wana uwezo wa kulipa kila mwezi, kwani kodi wanailipa kila mwezi bila kukosa. Kinachowashinda ni ule mkupuo wa kwanza, maana kodi hiyohiyo ndiyo inayomeza akiba ambayo ingekuwa mkupuo. Mwishoni mwa 2023, takwimu za Benki Kuu zilionyesha mikopo ya nyumba takribani 30,000 nchini kote. Sensa ya 2019 ilihesabu familia zaidi ya milioni 12.

Biblia yetu ya Kiswahili ina neno la zamani kwa malipo haya ya kwanza: arabuni. Paulo analitumia anapowaandikia Waefeso kuhusu Roho Mtakatifu. Neno hilo lina undugu na lile la Kiebrania lililomo katika kisa cha Yuda na Tamari, ambalo huko tumelisoma kama rehani. Na kisa hicho kina jambo la kutuambia leo.

Tamari alikuwa mjane aliyeahidiwa na baba mkwe wake, Yuda, kwamba angeozwa mwana mdogo akishakua. Mwana alikua, ahadi ikasahauliwa. Siku moja Yuda alikutana naye njiani akiwa amejifunika uso, asimtambue, akamwahidi mwana-mbuzi. Tamari alikuwa amechoka na ahadi za mdomo. Akadai rehani: muhuri, kamba na fimbo. Miezi mitatu baadaye, Yuda alipoambiwa kwamba mkwewe ni mjamzito na kutoa amri achomwe moto, Tamari alivitoa vile vitu vitatu. Yuda akakiri mbele ya watu kwamba mwenye haki ni yule mwanamke kuliko yeye.

Hiyo ndiyo kazi ya arabuni. Ni ushahidi wa ahadi, na humfunga mwenye nguvu hata akitaka kusahau.

Sasa tuitazame hati ya mshahara. Kila mfanyakazi aliyeajiriwa hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara wake kwa ajili ya nyumba za bei nafuu, na mwajiri huongeza kiasi sawa na hicho. Mwalimu wa Sh50,000 hukatwa Sh750, na pamoja na za mwajiri zinakuwa Sh1,500 kwa mwezi.

Mswada wa Fedha wa 2023 ulipofika bungeni mara ya kwanza, ulipendekeza asilimia 3, na ulieleza kwamba mchangiaji angeweza kuupata mchango wake baada ya miaka saba au akistaafu. Wananchi walilalamika kwamba kiasi ni kikubwa. Wabunge wakapunguza hadi asilimia 1.5, lakini katika kupunguza wakageuza mchango kuwa ada isiyorudishwa. Mahakama Kuu iliibatilisha ada hiyo Novemba 2023, ikisema iliwabagua wenye ajira rasmi. Sheria mpya ya Machi 2024 ikairejesha na kuwajumuisha wenye kipato kisicho cha ajira rasmi.

Kwa hiyo yule mwalimu anatoa kila mwezi, lakini siku akienda kuomba nyumba, anaambiwa aanze kuweka malipo ya kwanza. Hata kama makato yake na ya mwajiri yangehesabiwa yote, angehitaji miezi 200, yaani miaka 16 na miezi minane, kufikisha Sh300,000. Na hayahesabiwi.

Tuseme kweli pande zote. Mfuko wa pamoja si dhambi. Nyumba zimejengwa, mafundi wamepata kazi, na mpango wa kulipa kidogo kidogo hadi nyumba iwe yako ni mlango ambao benki hazikuwafungulia watu wa chini. Aliye na nacho kumsaidia asiye nacho ni mafundisho ya Kanisa tangu siku za Mitume. Lakini mfanyakazi anayekatwa mshahara ametoa arabuni, liitwe ada au ushuru. Aliyeipokea amejifunga. Analo deni la kumwonyesha ni nyumba ngapi zimekamilika, nani amezipata na kwa kigezo gani. Na ingekuwa haki, mtu ambaye hajawahi kumiliki nyumba akiomba ya kwanza, makato yake ya miaka yote yahesabiwe kama sehemu ya malipo ya kwanza. Katiba yetu, Kifungu cha 43, imeitaja nyumba ya staha kuwa haki ya kila mtu.

Lakini tusiishie kuinyoshea serikali kidole. Katika barua ya Paulo, anayetoa arabuni ni Mungu. Yeye mwenye vyote ndiye aliyetangulia kutoa, na sisi wahitaji tukapokea. Duniani tumepindua utaratibu huo: asiye na kitu ndiye anayeambiwa atangulie. Je, Kanisa nalo linafanyaje? Tunajua kuchanga. Tunafanya harambee ya madhabahu mapya, ya gari la mchungaji, ya harusi na ya mazishi. Vijana wetu waliooana juzi wanahama kutoka chumba hadi chumba. Sacco ya parokia ikiamua kuwakopesha wanandoa wachanga sehemu ya malipo ya kwanza kwa riba ya kibinadamu, itakuwa imehubiri Waefeso 1 bila kipaza sauti.

Nawe unayeweka akiba, usikate tamaa wala usikimbilie. Tangu 2020, mwanachama wa mpango wa pensheni anaruhusiwa kutumia hadi asilimia 40 ya akiba yake kununua nyumba ya kuishi, isizidi Sh7 milioni. Ni msaada, ila kumbuka unakopa kwa uzee wako. Na usimpe mtu pesa kwa sababu tu mnaimba naye kwaya moja. Wapo waliolipia nyumba za kwenye mchoro ambazo hazijapanda hata msingi. Katika Yeremia 32, nabii alinunua shamba kwa jamaa yake mwenyewe, na bado akapima fedha kwenye mizani, akaita mashahidi, akatia hati muhuri na kuiweka katika chombo cha udongo idumu. Imani yake ilikuwa kubwa, na stakabadhi aliitaka.

Tamari naye aliitunza rehani yake hadi siku ilipohitajika. Mfanyakazi, tunza hati zako za mshahara. Zimeandikwa ulichotoa, na siku ya kudai zitasema.